Mwosha Huoshwa: Kirusi Kinachokinyonya Kirusi Kingine

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa redioni juma hili.)



Wahenga walisema mwosha huoshwa. Maana ya kwanza ya maneno hayo ni mauti: anayeosha maiti leo, kesho naye ataoshwa. Lakini tumezoea kuyasema pia tunapomwona mwenye nguvu amepatwa na yale aliyozoea kuwatendea wenzake. Juma hili nataka niyapeleke maneno hayo mahali ambapo macho yetu hayafiki, ndani ya tone la maji. Nataka nikuonyeshe kwamba hata kirusi, ambacho tumezoea kukiona kuwa ndicho mshambuliaji wa mwisho, nacho kina wa kukishambulia. Na anayekishambulia ni kirusi kingine, kidogo zaidi.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ni jambo la ajabu, tena la kweli. Ya pili inatuhusu zaidi. Tangu miaka ya 1980 ukimwi ulipotuingilia, na tena mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, neno kirusi limekuwa neno la nyumbani. Na palipo na machungu hapakosi mwuza matumaini. Mtu akisikia kwamba kuna kirusi kinachonyonya virusi vingine, hachelewi kuuliza: je, hiyo si dawa? Ni swali la haki kabisa. Lakini huwezi kulijibu kabla hujafahamu kazi yenyewe inavyofanyika. Anayenunua dawa bila kutaka kujua inavyofanya kazi anaweza kuuziwa maji ya bomba katika chupa nzuri.

Basi tuanze mwanzo, taratibu.

Kila kiumbe hai kina maandishi yake ya urithi, yaitwayo DNA. Maandishi hayo yamegawanyika katika mafungu, na kila fungu, ambalo tunaliita jeni, kwa kawaida ni agizo la kutengeneza protini fulani. Lakini agizo lililofungiwa kabatini halitengenezi kitu. Lazima lisomwe, litolewe nakala, na nakala ipelekwe kwa mafundi. Kazi ya kusoma jeni na kutoa nakala hufanywa na kimeng'enya maalumu, ambacho leo nitakiita mnakili. Jeni ambayo mnakili hajaigusa iko kimya, kana kwamba haipo. Jeni ambayo mnakili anaisoma ndiyo iliyo kazini.

Sasa mnakili anajuaje pa kuanzia? Mbele ya jeni huwa kuna alama, yaani herufi chache za DNA zilizopangwa kwa namna fulani. Mfikirie fundi cherehani siku za kuelekea Idi. Kitambaa kimeletwa, kimechorwa chaki. Fundi haulizi kitambaa ni cha nani, wala mwenyewe ni mtu mwema au mwizi. Anaifuata chaki. Palipo na chaki ndipo sindano inapopita. Na mnakili ni vivyo hivyo: hamjui mwenye jeni, anaijua alama tu. Naomba uliweke neno hilo moyoni, ndugu msikilizaji, maana mazungumzo yote ya leo yamesimama juu yake.

Kirusi ni nini basi? Ni furushi la maagizo lililofungwa ndani ya gamba. Hakina nyumba wala jiko. Virusi vingi tunavyovisikia ni maskini hata wa vyombo. Kirusi cha ukimwi, kwa mfano, kina jeni 9 tu, na ili jeni hizo zisomwe, hutegemea mnakili wa seli ya binadamu kilimoingia. Ni mvamizi anayeingia nyumbani kwako mikono mitupu, akakaa kwenye cherehani yako, akashona nguo zake kwa uzi wako.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiwafahamisha wanafunzi kwa miaka mingi: kirusi ni kitu kidogo sana, maskini sana. Halafu likaja jitu.

Mwaka 1992, mjini Bradford nchini Uingereza, wataalamu waliokuwa wakitafuta chanzo cha homa ya mapafu walichukua maji kutoka katika mnara wa kupozea. Ndani ya amiba walioishi katika maji hayo walikuta kitu cha mviringo, kikubwa kiasi cha kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Wakakidhania bakteria, wakakipa na jina la bakteria. Ilikuwa ni mwaka 2003 ndipo wanasayansi wa Marseille, Ufaransa, walipotangaza kwamba kile si bakteria hata kidogo. Ni kirusi. Wakakiita Mimivirus, kwa kuwa kinaiga umbo la vijidudu vingine. Mwaka uliofuata maandishi yake ya urithi yakasomwa: herufi kiasi cha milioni 1.2, na jeni zaidi ya 900. Linganisha na zile 9 za kirusi cha ukimwi.

Na jitu hili haliji mikono mitupu. Ndani ya gamba lake limebeba mnakili wake mwenyewe. Likishamezwa na amiba, haliendi kubisha hodi kwenye kiini cha seli kuomba cherehani ya mwenyeji. Linajenga karakana yake pembeni, katika ute wa seli, na humo ndimo linamozalisha majitu mengine. Jeni zake husomwa kwa zamu tatu. Zamu ya mwanzo ni ya kuandaa karakana na vyombo. Inafuata zamu ya kati. Zamu ya mwisho ni ya kujenga magamba na kufunga mizigo. Kila zamu ina alama zake. Karibu nusu ya jeni za jitu zina mbele yake herufi nane zilezile, AAAATTGA, nazo ndizo chaki ya zamu ya mwanzo. Jeni za zamu ya mwisho zina chaki nyingine. Kwa utaratibu huo, ndani ya siku moja amiba hupasuka na majitu mapya kumwagika majini kutafuta mawindo.

Ukiangalia haraka utasema jitu hili limekamilika. Lina mali, lina vyombo, lina utaratibu, halimtegemei mwenyeji kwa kunakili jeni zake. Nani atalitisha?

Mwaka 2008 wanasayansi hao wa Marseille walileta jibu. Walikuwa wakichunguza jitu jingine, ndugu wa lile la kwanza, lililopatikana katika mnara wa kupozea maji jijini Paris, wakaliita Mamavirus. Ndani ya karakana yake wakaona vitu vidogo mno, vyenye upana wa nanomita 50 hivi, yaani kama sehemu moja ya kumi ya upana wa gamba la jitu lenyewe. Vilikuwa virusi. Wakakipa kirusi hicho jina la Sputnik, neno la Kirusi lenye maana ya msafiri mwenza, jina lile lile la setilaiti ya kwanza iliyorushwa angani mwaka 1957. Na kwa kuwa virusi vinavyoshambulia bakteria huitwa bakteriofaji, hiki kinachoshambulia virusi wakakiita virofaji.

Sputnik ni fukara kuliko mafukara. Maandishi yake yote ni herufi 18,343, na jeni 21. Hakina mnakili. Kikiingia peke yake ndani ya amiba hakifanyi lolote, kinakaa tu. Lakini jitu likiwa limeingia na kufungua karakana, Sputnik nacho kinaamka na kuzaana kwa fujo. Matokeo yake kwa jitu ni mabaya. Katika majaribio yale ya mwaka 2008, idadi ya majitu mazima yenye uwezo wa kuambukiza ilipungua kwa asilimia 70 hivi. Mengi yaliyotoka yalikuwa na kasoro: gamba limerundikana tabaka juu ya tabaka upande mmoja, kama nguo iliyoshonwa na fundi mwenye usingizi. Mengine yalikutwa yana Sputnik ndani ya tumbo lake. Na amiba waliopasuka katika muda wa saa 24 walikuwa wachache zaidi, kiasi cha theluthi moja ya wale waliopasuka jitu lilipokuwa peke yake.

Je, Sputnik kinawezaje kuliangusha jitu lenye jeni zaidi ya 900, ilhali chenyewe kina 21 na hakina hata cherehani?

Hapa, ndugu msikilizaji, ndipo penye utamu wa jambo. Sputnik hakiji na rungu, wala hakiyachani maandishi ya jitu. Kinakuja na chaki. Wataalamu walipoyasoma maandishi yake waligundua kwamba mbele ya jeni zake mna alama ileile ya jitu, tena si alama ya zamu ya mwanzo. Ni alama ya zamu ya mwisho. Na mwishoni mwa jeni zake mna mkunjo uleule ambao jitu hutumia kumwambia mnakili, ishia hapa. Kwa macho ya mnakili, jeni ya Sputnik na jeni ya jitu ni vitambaa vya duka moja.

Sasa itazame hiyo karakana. Zamu ya mwanzo inapita salama. Jitu linatumia nguvu zake kuandaa vyombo, kuongeza wanakili, kukusanya malighafi ya seli. Kazi yote ngumu ya matayarisho imefanyika kwa gharama ya jitu. Inapofika zamu ya mwisho, ile ya kujenga magamba, fundi ananyanyua kichwa na kukuta mezani rundo la vitambaa vyenye chaki sahihi. Vya bosi wake vimo. Lakini Sputnik kimekwisha kujitoa nakala nyingi, na vitambaa vyake vidogo vimejaa meza. Fundi anafuata chaki. Anashona. Muda, uzi na sindano vilivyokuwa vya magamba ya jitu vinagawanywa, na fungu kubwa linakwenda kwa mdandiaji. Ndiyo maana virusi vidogo huanza kuonekana karakanani hata kabla ya majitu mapya kukamilika. Na ndiyo maana kasoro za jitu zinaonekana zaidi kwenye gamba, yaani kwenye kazi ya zamu ya mwisho.

Naomba tulitofautishe jambo hilo na lile tulilozoea. Tumezoea kudhani kwamba kumshinda adui ni kumnyamazisha. Hapa jitu halikunyamazishwa. Jeni zake zimesomwa, karakana imefanya kazi, mashine zimenguruma. Kilichobadilika ni mgao. Taasisi inaweza kuwa wazi kuanzia asubuhi hadi jioni, taa zinawaka, wafanyakazi wako mezani, lakini kinachotoka mlangoni si kile kilichokusudiwa. Tumeyaona hayo hata kwa macho yetu ya kawaida.

Na kuna fundisho jingine. Kirusi maskini, kinachotumia mnakili wa seli ndani ya kiini, hakina karakana ya namna hii ya kuvamiwa. Jitu limevamiwa kwa sababu lina mali. Ile ile nguvu iliyolipa uhuru, yaani kuwa na mnakili wake na alama zake, ndiyo iliyofungua mlango. Anayeiga alama zake amepata kila kitu kwa mkupuo mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sputnik si peke yake. Mwaka 2011, kule Vancouver nchini Kanada, Matthias Fischer na Curtis Suttle walieleza virofaji ya baharini waliyoiita Mavirus. Hii inamfuata kirusi jitu anayeitwa kwa kifupi CroV, ambaye naye humshambulia kiumbe wa seli moja mwenye jina la kuchekesha kidogo: Cafeteria roenbergensis. Aliitwa hivyo kwa kuwa kazi yake baharini ni kula bakteria kutwa, na jina la pili linatokana na Rønbjerg, mahali palipo Denmark. Mavirus ina jeni 20, na alama iliyo mbele ya jeni zake inafanana na alama ya jeni za zamu ya mwisho za CroV. Ni chaki ileile, duka jingine.

Lakini Mavirus ina jambo ambalo limewashangaza wengi zaidi. Mwaka 2016 Fischer, ambaye wakati huo alikuwa Heidelberg nchini Ujerumani, pamoja na mwenzake Thomas Hackl, walionyesha kwamba Mavirus inaweza kujipachika ndani ya DNA ya mwenyeji, katika kiini cha seli. Ikishajipachika inalala. Jeni zake zinakaa kimya. Mwenyeji anaendelea kula, anazaa, na watoto wake wanarithi mgeni huyo aliyelala. Kinachoziamsha jeni hizo ni ujio wa CroV. Jitu linapoingia na kuanza kuwasha mitambo yake, jeni za Mavirus zilizokuwa kimya zinaanza kusomwa, na virusi vidogo vinazalishwa kwa wingi. Kwa maneno mengine, mwizi anapofungua mlango, ufunguo wake mwenyewe ndio unaopiga kengele.

Utasema, basi huyo mwenyeji ameokoka! La hasha. Na hapa nakuomba usikilize kwa makini, maana hapa ndipo wauza matumaini wangeruka mstari. Seli iliyobeba Mavirus haiokoki. CroV inaimaliza. Lakini inapopasuka inamwaga majini virusi vidogo vya Mavirus, na hivyo vinapokutana na CroV katika seli za jirani, vinaizuia isizaane. Mzunguko wa pili na wa tatu wa maambukizi unapungua makali, na jamii ya viumbe wale inabaki hai. Aliyebeba dawa amekufa, majirani wamepona. Wataalamu wenyewe hawakuona haya kulitaja neno kujitolea.

Mwaka 2021 ikaonekana kwamba hayo si mambo ya maabara tu. Walipochunguzwa viumbe wa jamii hiyo ya Cafeteria waliokusanywa kutoka sehemu nne mbalimbali za dunia, ndani ya DNA yao zilikutwa virofaji zilizojipachika, kwa makumi, hadi kufikia asilimia 2 ya maandishi yote ya mwenyeji. Na alama zilizokuwa mbele ya jeni zake hazikuwa za namna moja. Zilikuwa za namna mbalimbali, ishara kwamba kila kundi linasubiri jitu lake. Tena, ndani ya baadhi ya virofaji hizo mlikutwa vipande vingine vya DNA vinavyohamahama, navyo vimejipachika humo. Mnyonyaji wa mnyonyaji naye ana mnyonyaji. Mwosha huoshwa, na aliyemwosha naye zamu yake ipo.

Majitu nayo hayakai kungoja. Mle Marseille walimfuga Mimivirus kwa vizazi 150 ndani ya amiba waliotengwa na vijidudu vingine. Katika maisha hayo ya raha, jitu likapoteza sehemu ya maandishi yake, likapoteza na nyuzi nyingi zinazofunika gamba lake kama manyoya. Lilipokutanishwa na Sputnik, Sputnik hakikuweza kuzaana, kwa kuwa nyuzi hizo ndizo ambazo hujishikiza ili kuingia pamoja na jitu. Kwa upande mwingine, mwaka 2014 ilielezwa virofaji iliyotoka katika udongo wa Tunisia. Ikaitwa Zamilon, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwenzi. Jina limeifaa, kwa maana hiyo haikuonekana kulidhuru jitu lake kama Sputnik kinavyofanya. Inadandia, inakula, inashuka. Tena haipandi gari lolote: kati ya makundi matatu ya majitu ya jamii ya Mimivirus, inazaana katika mawili, la tatu inalishindwa.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapenzi, tusiseme kwa jumla kwamba virofaji inaua virusi. Moja inaumiza sana, nyingine inaumiza kidogo, nyingine haionekani kuumiza. Na athari hizo haziishii ndani ya seli. Mwaka 2011 virofaji ilikutwa katika ziwa la chumvi huko Antaktika, liitwalo Organic Lake, ambako huhusishwa na virusi vikubwa vinavyoua mwani. Wataalamu walipopiga hesabu, waliona kwamba virofaji ikipunguza virusi hivyo, mwani hustawi mara nyingi zaidi katika majira ya kiangazi. Na mwani ndio ugali wa viumbe wa majini, tena ndio unaovuta hewa ya ukaa. Chaki iliyoigwa ndani ya seli moja inaweza kufika hadi kwenye chakula cha ziwa zima.

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Je, hii si dawa?

Jibu langu ni hapana, na sasa unaweza kuona sababu mwenyewe bila kuniamini kwa macho yaliyofumbwa. Virofaji tunazozijua hutegemea karakana ya kirusi jitu, mnakili wake, na alama zake. Majitu hayo tunayoyazungumzia ni ya amiba, ya mwani na ya viumbe wengine wa seli moja. Kirusi cha ukimwi hakina karakana hiyo. Kirusi cha korona nacho hakina chaki hiyo. Maandishi yake hata si DNA. Ukimpelekea Sputnik mgonjwa wa korona, ni sawa na kumpelekea fundi magari nguo ya kushonwa. Kwa hiyo akija mtu na chupa, au na ujumbe wa simu, akisema amepata kirusi kinachokula virusi vyote, muulize maswali matatu tu: kinanyonya kirusi gani, ndani ya seli gani, kwa kutumia mnakili wa nani? Akikosa jibu la moja, shika mfuko wako.

Tena kuna sababu nzito zaidi ya kuwa waangalifu. Sisi binadamu tunao mfano wetu wa kirusi kinachoning'inia kwenye kirusi kingine, na si mfano wa kufurahisha. Mwaka 1977, mjini Turin, daktari Mario Rizzetto aligundua kitu ambacho baadaye kilijulikana kuwa ni kirusi cha homa ya ini aina ya D. Kirusi hiki kina herufi zipatazo 1,700 tu. Jeni yake husomwa na mnakili wa seli zetu wenyewe, kwa hiyo kazi yake si sawa na ya Sputnik. Lakini hakina gamba la nje la kusafiria. Gamba hilo hukiazima kwa kirusi cha homa ya ini aina ya B. Bila B, D hakisambai.

Na mara nyingi D kikiingia, B hupungua kuzaana. Mtu wa haraka angeshangilia: tazama, adui kapata wa kumpunguza! Lakini ini la mgonjwa halipati nafuu. Linaharibika upesi zaidi kuliko la mwenye B peke yake, na madaktari wanaihesabu hali hiyo kuwa kali kupita homa zote sugu za ini zitokanazo na virusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu watu 5 katika kila 100 wenye homa sugu ya ini aina ya B wameambukizwa na D pia. Vita vya panzi vinaweza kuwa furaha ya kunguru, lakini shamba ambamo panzi wanapigania ni lako, na mazao yanayokanyagwa ni yako.

Hata hivyo habari ile ile inatupa faraja iliyo na mizizi. Kwa kuwa D hakiwezi kusambaa bila gamba la B, anayejikinga na B amejikinga na vyote viwili. Chanjo ya B ipo, na imo katika chanjo za kawaida za watoto wetu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo unapoona faida ya kufahamu nani anamtegemea nani. Aliyejua kwamba D anavaa kanzu ya B hakupoteza muda kumfukuza D. Aliifungia kanzu.

Nami napenda nimalizie hapo hapo. Wapo wanaouliza, kwa nini watu wazima wenye elimu yao wakae miaka mingi wakichungulia amiba wa mnara wa maji, au viumbe vya baharini visivyouzika sokoni? Sampuli ile ya Bradford ilikaa miaka 11 ikiitwa bakteria. Laiti ingemwagwa kwa sababu haina faida, huenda tusingelijua jitu mapema hivyo, wala mdandiaji wake, wala tusingeijua hekima hii ya chaki. Nasi huku tuna bahari, tuna maziwa makuu, tuna mabwawa na visima visivyo na idadi, na tuna vijana wenye macho mazuri ya kuchungulia. Alama za virofaji zimekwisha kukutwa katika maji ya mabara mbalimbali. Sioni kwa nini anayefuata kueleza nyingine asiwe mwanafunzi wa chuo chetu kimoja, akiwa na hadubini na ndoo ya maji ya ziwa.

Ila tukimpa hadubini, tumfundishe na swali la kuuliza. Asiulize tu nani ana nguvu kuliko nani. Aulize mnakili anafuata alama ya nani, na nani mwingine ameiiga alama hiyo. Ni swali la ndani ya seli. Lakini naona linafaa kuulizwa hata nje yake, katika kila karakana yenye cherehani inayonguruma usiku kucha na bado nguo za mwenyewe hazionekani.